Njuga Kwenye Bawa la Mwamba

Tarehe 5 Oktoba 1968, zulia lililofumwa na Yanabah Todacheene lilipewa utepe wa buluu, yaani nafasi ya kwanza, kwenye maonyesho ya mavuno ya mji wa Shiprock. Jina lake lilipoitwa kwenye kipaza sauti, aliyepanda jukwaani alikuwa binti yake, Elouise. Mwenye zulia alikuwa amelala chali ndani ya pikapu, nyuma ya mabanda ya farasi, blanketi limemfunika mpaka utosini, akisikiliza makofi ya watu kama mtu asikilizavyo mvua akiwa ndani ya nyumba.

Hakuwa mgonjwa. Wilbert Etsitty, mume wa Elouise, alikuwa amesimama mstari wa mbele akiwa amembeba binti yao begani ili aone. Katika miaka yote ya ndoa hiyo Yanabah hakuwahi kumtazama Wilbert usoni, wala Wilbert hakuwahi kumtazama yeye. Kwa watu wao, mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani. Anayevunja mwiko huo hupofuka; wapo wanaosema hurukwa na akili kwanza, macho yakafuata.

Kwa Yanabah hayo hayakuwa maneno ya kutishia watoto. Mama yake mkubwa, aliyekaa Sanostee, alikutwa ndani na mkwe mlevi aliyekosea mlango. Wakatazamana. Yanabah alikuwa msichana mdogo wakati huo, na ndiye aliyepewa kazi ya kumshika mama huyo mkono na kumpeleka kisimani pale giza lilipokwisha kumfunga macho.

Kwa hiyo alijihadhari. Alirithi kwa mama yake kishada cha njuga ndogo za fedha, akawa anazifunga kwenye mkanda wa kiunoni. Njuga zikilia, Wilbert alizunguka upande wa pili wa nyumba. Wilbert naye alipiga mluzi kabla hajakata kona, na gari lake lilipiga honi tangu barabarani. Kila mmoja alikuwa na hogan yake, nyumba ya mviringo ya magogo na udongo, milango yote ikitazama mashariki, na katikati palikuwa na kibanda cha matawi ambamo Yanabah alisimika kitanda chake cha kufumia. Alimjua mkwewe kwa kikohozi, kwa buti, kwa namna alivyopasua kuni na kwa sukari aliyoiacha chini ya kikombe cha kahawa. Alijua mengi juu yake kuliko wake wengi wanavyojua juu ya waume zao. Asichokijua ni uso.

Majira ya baridi baada ya maonyesho, jicho lake la kulia likaanza kuingia ukungu. Daktari wa Shiprock alisema ni mtoto wa jicho, jambo la umri, na kwamba linaweza kupasuliwa. Yanabah alimsikiliza mpaka mwisho, akashukuru, akarudi nyumbani na siri yake. Lile blanketi la kwenye pikapu lilikuwa na tundu lililotobolewa na nondo. Siku ile ya utepe, bila kukusudia, kupitia tundu lile aliona ukingo wa kofia nyeusi na labda, hana hakika, kipande cha shavu.

Kama shavu tu limekula jicho moja, alijiambia, uso mzima utakula la pili. Na mfumaji asiye na macho ni mtu wa kushikwa mkono mpaka kisimani.

*

Majira ya kuchipua mwaka 1969 Wilbert aliondoka kwenda kufanya kazi ya reli huko Kolorado, pamoja na vijana wengine wa Red Valley. Yanabah akatundika njuga msumarini. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alitembea uani bila kelele, na aliona aibu kidogo jinsi alivyofurahia.

Kengele ya beberu wake ndiyo iliyoharibu mambo. Beberu huyo, aliyeitwa Hakimu kwa sababu ya ndevu zake na namna alivyotazama watu, ndiye aliyeongoza kundi la kondoo. Mwezi Julai alirudi jioni moja bila kengele. Yanabah hakusubiri, alichukua njuga msumarini, akamfunga shingoni.

"Mama, umemvalisha mbuzi njuga zako?" Elouise aliuliza. Alikuwa ametoka kazini, jikoni kwenye hospitali ya Shiprock, na bado alikuwa na aproni.

"Hakimu amepoteza kengele. Hizi zilikuwa zinaning'inia bure."

"Wilbert akirudi atamkimbia mbuzi."

"Honi ya gari lake bovu itamtangulia. Nitakuwa nimeshazivua."

"Atampisha njiani, avue kofia, aangalie pembeni. 'Pita, mama mkwe.'"

"Usinichekeshe, nitakosea uzi," Yanabah alisema, macho yake hayakutoka kwenye zulia. "Na huyo mbuzi ana ndevu nyingi kuliko wewe ulivyo na adabu."

Walicheka wote wawili. Baadaye Elouise angesema kwamba hicho ndicho kicheko alichojutia kuliko vyote maishani mwake.

*

Siku ya tukio ilikuwa ya katikati ya Agosti. Elouise alikuwa kazini, na mtoto, Verna, alikuwa ameachwa kwa ndugu zao wa mjini. Yanabah alikunywa uji wa mahindi ya buluu, akafunga kipande cha mkate wa kukaanga kwenye kitambaa, akatoka na kundi na mbwa kuelekea kusini mwa Mwamba.

Mwamba Wenye Mabawa unaonekana kutoka kila upande wa mahali anapoishi, mweusi, peke yake katikati ya tambarare. Kutoka kwake linanyooka bawa la kusini: ukuta wa mawe ya volkano, mwembamba kwa juu, mrefu kuliko nyumba, unaokwenda mbali mpaka kufikia barabara. Kondoo hula chini ya ukuta huo kwa sababu ya kivuli. Lakini hakuna anayepanda, si Mwamba wenyewe wala bawa lake. Kwa nini, ni habari za ndege wakubwa walioishi kule juu, na waliokula watu. Habari hizo husimuliwa wakati wa baridi tu, nyoka wakiwa wamelala na radi ikiwa imenyamaza. Kwa kuwa haya yalitokea kiangazi, hapa hazisimuliwi.

Karibu na adhuhuri alisikia njuga zikilia mahali ambapo hazikupaswa kulia. Zililia juu.

Hakimu alikuwa amepanda kwenye ufa wa bawa, mahali ukuta ulipobomoka na kuacha mteremko wa mawe, na sasa amesimama kwenye kijukwaa cha jiwe akitafuna kichaka kama mwenye nyumba. Yanabah alimwita. Akamtupia kijiwe. Akamtukana kwa ukoo wa baba yake. Mbuzi alimtazama.

Angekuwa mbuzi mtupu, Yanabah angemwacha ashuke kwa njaa. Lakini magharibi, juu ya milima ya Lukachukai, mawingu yalikuwa yameanza kupandana, meupe juu na meusi chini. Mvua dume ilikuwa inakuja, ile ya radi na fujo, na radi hupenda Mwamba. Njuga zilikuwa zimelala kiunoni mwake miaka mingi. Zilikuwa na jasho lake. Kitu chako kikipigwa na radi, nawe umepigwa. Aliwaza fedha ile ikiyeyuka shingoni mwa mbuzi juu ya bawa la Mwamba.

Alitoa kifuko cha chavua ya mahindi, akanyunyiza kidogo, akaomba radhi kwa maneno machache. Kisha akaweka mguu kwenye jiwe ambalo maisha yake yote alikuwa amekataza watu kulikanyaga.

Alipanda kwa mikono na magoti. Alifika, akamshika Hakimu pembe, akawa anapapasa fundo la njuga kwa mkono mwingine. Mbuzi akajivuta. Jiwe alilolikanyaga likaondoka chini yake kama kigoda kilichovutwa, mawe mengine yakafuata, na yaliposimama, mguu wake wa kushoto ulikuwa umebanwa kati ya mawe mawili ndani ya ufa. Alisikia mfupa kabla hajasikia maumivu.

Chini, mbwa alibweka kwa muda. Kisha upepo ukabadilika na kuleta harufu ya mvua, na kondoo, bila kiongozi wao, wakageuka kuelekea nyumbani. Mbwa alisita, akatazama juu, akatazama kondoo. Alifundishwa kufuata kondoo. Akawafuata.

Yanabah alibaki na mbuzi.

*

Hofu yake haikuja kwa mkupuo. Kwanza aliogopa mguu. Kisha nyoka, maana ufa ule ulikuwa na mashimo. Kisha mawingu. Kisha, jua lilipofunikwa na kivuli kikapita juu ya tambarare kama mkono, akaogopa kitu ambacho hakutaka kukipa jina, akainamisha kichwa ili asitazame kilele cha Mwamba. Alikuwa na wazo kwamba akikitazama, nacho kitamtazama.

Hakimu alirudi kwenye kichaka chake. Njuga zililia kila alipotafuna.

Halafu akaona mtu. Kwa jicho la kushoto, mbali, alimwona mpanda farasi akija kwa kufuata nyayo za kondoo. Roho ikarudi mahali pake. Alivua shali akaipunga. Mpanda farasi hakutazama juu. Alikuwa anasoma ardhi. Akasogea mpaka karibu na bawa, na upepo ukamletea Yanabah mluzi aliokuwa akiupiga.

Ulikuwa mluzi wa Wilbert. Kofia ilikuwa nyeusi.

Akajifunika shali usoni haraka. Alisikia kwato zikisimama. Hakimu, kwa bahati mbaya kuliko zote za siku ile, akajikuna shingo kwa kwato ya nyuma, na njuga zikalia kwa sauti safi kabisa.

Alichungulia kupitia nyuzi za shali. Wilbert alikuwa amegeuza farasi. Alikwenda umbali wa kutosha, akashuka, akaketi chini, mgongo ukiwa upande wa bawa, kofia ameishusha. Akaanza kuimba kwa sauti kubwa, wimbo wa reli usio na maana yoyote, ili mama mkwe ajue yuko wapi na apite salama.

Alikuwa anampisha. Amesikia njuga, akajua kwamba Yanabah ni mzima na yuko njiani kurudi, na kama mkwe aliyelelewa vizuri, alikuwa anasubiri apite. Angeweza kusubiri mpaka jioni. Mtu mwingine yeyote njuga zile zingemleta, yeye zilimzuia.

Ngurumo ya kwanza ilipita juu ya tambarare. Chini ya ufa, kwenye korongo linalopita kando ya bawa, mchanga ulikuwa bado mkavu, lakini Yanabah alijua kwamba mvua ikishanyesha milimani maji hayapigi hodi. Kilichomtisha zaidi ni kwamba alitamani Wilbert aondoke. Alitamani hivyo kweli, kwa muda wa pumzi chache, akiwa amebanwa pale na radi inakuja. Kisha ngurumo ya pili ikaja karibu zaidi, na akafungua mdomo.

Hakuzungumza naye. Alizungumza na mbuzi.

"Hakimu," alipaza sauti, "mwambie mtu anayeimba vibaya kwamba mwenye njuga hapiti. Mguu wake umevunjika."

Wimbo ulikatika.

"Mbuzi yuko wapi?" Wilbert aliuliza bila kugeuka. Sauti yake ilimwelekea farasi.

"Hakimu, mwambie uko juu ya bawa. Na mwambie mimi niko huko huko, nimeshapanda, asinihutubie."

"Juu ya bawa," Wilbert alimwambia farasi, taratibu, kama mtu anayerudia habari ya msiba. Alisimama. Akakaa. Akasimama tena. "Hakimu, mwambie bibi gari langu lilikufa Gallup, nimeletwa na watu mpaka barabarani. Ndiyo maana hakusikia honi. Nimekuta kondoo wamejirudia wenyewe. Nikimfuata Elouise hospitali, itakuwa jioni."

"Mwambie jioni maji yatakuwa yameshapita hapa."

"Basi mwambie nakuja. Nafunga macho."

Alivua skafu yake, akaikunja pana, akajifunga kutoka kwenye paji la uso mpaka kwenye pua, akakaza fundo kisogoni. Kisha akanyoosha mikono mbele na kuanza kutembea kuelekea sauti.

*

Ilibidi mmoja aone. Yanabah aliamua kutazama buti tu, na mikono ikibidi. Alikunja shali ikawa kama paa juu ya macho yake, ili asione chochote kilicho juu ya kiuno cha yule mtu.

"Hakimu, mwambie kuna jiwe mkono wa kushoto linalocheza. Asilishike."

"Hili?"

"La kushoto. Watu wa reli hawafundishwi kushoto?"

"Mwambie watu wa reli hufanya kazi macho yakiwa wazi," Wilbert alisema akihema. Akapanda kidogo. Kisha, kwa sauti tofauti, ya chini: "Hakimu, mwambie bibi nami naogopa. Sijawahi kukanyaga hapa."

Hakuna ambacho Yanabah alikuwa ametaka kusikia zaidi ya hicho, na hakujua kwa nini.

"Mwambie apande," alisema hatimaye. "Bado kidogo."

Matone ya kwanza yalikuwa makubwa na ya baridi. Buti zilifika. Mikono yenye mafuta meusi kwenye kucha ilipapasa jiwe, ikapapasa jiwe la pili, ikapata nafasi. Wilbert aliinua. Yanabah aliuma shali ili asipige kelele. Mguu ukatoka. Wilbert akageuka, akachuchumaa, akampa mgongo, na Yanabah, ambaye kwa miaka yote hiyo hakuwahi hata kupokea kikombe kutoka mkononi mwa mkwewe, akamkumbatia shingoni kama mtoto.

Aliona kisogo. Nywele fupi, jasho, fundo la skafu. Kisogo si uso, alijiambia. Kisogo si uso. Walishuka hivyo, yeye akielekeza kwa sauti ya kunong'ona sikioni mwake, bado akimwita Hakimu, na Hakimu mwenyewe akishuka mbele yao akirukaruka, njuga zikilia kama arusi.

Mvua ikafunguka. Walikuwa wamebakiza sehemu ndogo tu radi ilipopiga bawa juu yao.

Hakuna mlio alioukumbuka. Alikumbuka weupe, na harufu kama ya chuma kwenye jiwe la kunolea, na nywele zikimsimama mwili mzima. Kisha mawe. Kisha akawa chini, kwenye mchanga wa korongo, maji mekundu yenye kina cha vidole vichache yakimpita, na Wilbert mbele yake amelala kifudifudi, bila kutikisika, uso ndani ya maji.

Alijiburuta. Alifumba macho, akamshika bega, akamgeuza chali. Alisikia sauti mbaya: pumzi inayovutwa na kukwama. Alipapasa akaelewa. Skafu iliyolowa ilikuwa imeteleza ikamgandia puani na mdomoni, na kila alipovuta pumzi iliingia nayo. Vidole vya Yanabah vilikwenda kisogoni kutafuta fundo. Vidole hivyo vilikuwa vimefungua mafundo ya sufu maisha yote, lakini fundo hili lilikuwa limevimba kwa maji. Alivuta kitambaa, kikakaza zaidi.

Akafanya jambo ambalo baadaye aliona aibu kulisimulia. Alifunika jicho la kushoto kwa kiganja na kufumbua la kulia, lile lililokwisha kuharibika. Kama lazima kitu kichukuliwe, na kichukuliwe hicho. Lakini jicho lile halikumpa chochote ila ukungu, na ndani ya ukungu kitu cheusi kilichogaagaa.

Pumzi ikakwama tena. Haikurudi.

Yanabah aliondoa kiganja. Alifumbua jicho la kushoto, akaliona fundo, akaling'oa kwa meno, akaivuta skafu yote kutoka usoni, na akamtazama.

Alimtazama mpaka pumzi iliporudi. Alikuwa ametarajia kitu, hakujua nini: ncha ya moto, giza. Alichokiona ni Verna. Paji lile lile pana, mdomo ule ule ulioinama upande mmoja, mwanya ule ule kwenye meno. Uso alioukwepa kwa blanketi na njuga alikuwa ameuosha kila asubuhi kwa maji ya uvuguvugu tangu mtoto yule azaliwe.

Wilbert alikohoa, akatapika maji, akafumbua macho. Wakatazamana.

"Hakimu," alisema kwa shida, "mwambie bibi..."

"Hakimu ameshakwenda zake," Yanabah alisema. "Niambie mwenyewe."

Wilbert alifumba macho haraka, kama aliyeingiwa na moshi machoni. Maji yalikuwa yamefika kwenye mbavu zake.

"Umenitazama?"

"Nimekutazama."

"Kwa jicho lipi?" Elouise alikuwa amemweleza habari za ukungu.

"Lile zima."

Wilbert aliinuka, akayumba, akamgeuzia mgongo tena, akachuchumaa. Walitoka korongoni kabla maji hayajajaa. Akampandisha kwenye farasi, akatangulia kwa miguu akivuta hatamu, na njia yote hakugeuka nyuma, wala Yanabah hakumwomba ageuke. Nyuma yao maji yalishuka yakiwa na magogo.

*

Sasa ni Septemba. Mguu umefungwa plasta, na njuga, ambazo Hakimu alizirudisha nyumbani siku ile zikiwa salama kuliko mtu yeyote, zimefungwa kwenye gongo la kutembelea. Zikilia, Wilbert huzunguka upande wa pili wa nyumba. Hakurudi kwenye reli. Anapasua kuni nyingi kuliko zinazohitajika, na usiku, Elouise anasema, huamka akishika uso wake.

"Mama, umeshaona sura yake," Elouise alimwambia wiki iliyopita, akijaribu. "Unaogopa nini tena? Mbaya zaidi ya hapo hakuna."

"Sura si mbaya," Yanabah alijibu. "Masikio tu."

Lakini hacheki kama zamani. Kila alfajiri hutoka nje na gongo lake, hunyunyiza chavua kuelekea mashariki, kisha hugeuka, hufunika jicho la kulia, na kuutazama Mwamba. Hutafuta uwazi ulio kati ya kilele kikubwa na kile cha pembeni. Akiuona, hupumua na kwenda kuchemsha kahawa. Kuna asubuhi mbili tatu ambazo ilibidi atazame kwa muda mrefu. Elouise alisema lilikuwa vumbi la makaa ya mawe kutoka kwenye mitambo ya umeme. Inawezekana. Zulia lililoko kwenye kitanda cha kufumia limesimama pale pale lilipokuwa siku ya mvua. Hajathubutu kuligusa, asije akakuta haoni rangi.

Mzee Bitsilly, mganga anayejua nyimbo za radi, aliitwa kuja kutazama. Alipapasa mikono ya Yanabah, akatazama makaa kwa muda, akauliza maswali machache, mojawapo likiwa kuhusu tundu la nondo, ambalo Yanabah alikuwa hajamwambia mtu. Alisema kwamba waliokanyaga bawa ni wawili, waliopitiwa na radi ni wawili, na waliotazamana ni hao hao. Basi wataimbiwa pamoja, na kisu cha daktari kisiguse jicho kabla ya hapo. Wakishaimbiwa pamoja, mwiko kati yao unaondoka. Hakuahidi lolote kuhusu jicho la kushoto. Yanabah alimuuliza mara mbili, na mara zote mbili mzee alisema kwamba kinachotengenezwa hutengenezwa kwa utaratibu wake.

Jumatatu Mzee Bitsilly anarudi na mkoba wake. Wilbert ameshakata kuni za moto. Yanabah na mkwewe wataketi upande wa magharibi wa hogan, bega kwa bega, watakunywa kutoka chombo kimoja, na nyimbo zikiisha watageuka na kutazamana. Wiki inayofuata, Yanabah ataingia hospitali ya Shiprock kupasuliwa jicho la kulia.